Kurasa Nane za Farasi

Jumatatu, 4 Juni

Daftari jipya. Nimelichukua dukani kwangu, lile lenye jalada lililokunjika, haliuziki. Mama watoto ndiye kaniamuru. Kasema kila nikipata wazo niliandike kwanza, nilisome, nilionee haya, ndipo niinuke kitini. Yote haya kwa sababu ya mbio za kijiko na limau muhula uliopita. Nilipaka gundi. Kidogo tu! Binti yetu akamaliza wa kwanza, akainua kijiko juu kwa furaha, kijiko kikapinduka, limau likabaki linaning'inia kama popo. Shule nzima ikaona.

Basi naungama. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa. Nina duka la fotokopi, mashine mbili, moja inakohoa. Na leo nimepata wazo.

Binti huyohuyo, kitindamimba wetu, miaka kumi na miwili, anaingia mashindano ya muziki ya shule tarehe 16. Piano. Kila mtoto anachagua kipande kimoja, anakiandika kwenye fomu, fomu inarudi Ijumaa. Ikisharudi imerudi, hakuna kubadili. Watatu wa kwanza wanapewa chumba cha muziki kila siku baada ya masomo, mwaka mzima. Wengine wanabaki na dakika zao ishirini, Jumanne na Alhamisi.

Sisi piano hatuna. Mtoto anafanyia mazoezi kwenye karatasi. Nilimtolea mimi mwenyewe kopi ya vibao vya piano, vyeupe na vyeusi, nikaviunga kwa selotepu, vimelala juu ya meza ya kulia. Anapiga humo, tap tap tap, midomo inacheza. Sahani tunaziweka pembeni. Sasa chumba kile anakitaka mpaka anakiota. Kaniambia: "Baba, kila siku! Halafu inatoa sauti!"

Kipande alichokichagua kinaitwa Mvua Imekatika. Nikakihesabu. Ukurasa mmoja na nusu! Nota zimekaa mbali mbali kama watu waliogombana. Kazi yangu mimi ni karatasi, najua uzito wa ukurasa. Ule haunywi wino hata wa kulowesha ncha ya kidole. Nani atampa mtu ushindi kwa ukurasa mmoja na nusu?

Nimeliandika wazo. Nimelisoma. Haya sijaona.

Jumanne, 5 Juni

Shemeji kaja dukani. Huyu ni kaka wa mke wangu, meneja wa duka la magodoro, anatembea kama mtu aliyelala vizuri kuliko wenzake wote. Yeye piano anayo. Ya kweli, sebuleni, na juu yake kaweka picha yake amesimama karibu na piano hiyohiyo. Mwaka jana alisema nimpeleke binti yangu akafanye mazoezi kwake. Halafu akaongeza: "Ila anawe mikono." Mbele ya wageni! Nikala kiapo kuwa mwanangu hatakigusa kile kisanduku. Mtoto hakuulizwa.

Leo kaja na kitabu cha nota cha mwanawe, ambaye naye anashindana. Anataka kopi. Bure, maana sisi ni ndugu. Udugu wake huwa unaanza mlangoni mwa duka langu na kuishia hapohapo. Kipande chenyewe kinaitwa Farasi Elfu. Kurasa nane! Nyeusi tititi, kama sukari iliyovamiwa na sisimizi. Mashine inayokohoa ikakohoa mara mbili, ikasimama kuvuta pumzi. Shemeji akanipiga bega akasema hata mashine yangu imeogopa muziki.

Nilitoa kopi mbili. Moja yake. Ya pili ilitoka yenyewe.

Sawa, haikutoka yenyewe.

Jumatano, 6 Juni

Nimemwonyesha binti zile kurasa nane. Akaziangalia kwa heshima, kama unavyoangalia mbwa mkubwa wa jirani. Akasema ni kizuri, lakini ni cha binamu, tena vidole vyake bado havijafika huko. Akasema yeye Mvua Imekatika anaipenda kwa sababu mwishoni kuna mahali unangoja. Unangoja nini? Akasema unangoja tu, baba. Akaniomba nisikilize. Nikasikiliza. Tap, tap. Tap. Nikamwambia kizuri sana. Nilichosikia ni kucha.

Nikabadili mbinu. Nikachukua ukurasa wake mmoja na nusu, nikaukuza mashineni, ukawa kurasa nne. Nikampelekea, meno yote nje. Akageuzageuza. Akasema: "Baba, nota ni zilezile. Zimenenepa tu." Mama watoto alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nikitoka hapo nikawakuze na kuku, labda watataga zaidi.

Ijumaa, 8 Juni

Nimefanya jambo.

Asubuhi binti kanipa fomu niitie sahihi, niitolee kopi, halafu niipitishe shuleni. Kaijaza mwenyewe, mwandiko umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Mvua Imekatika. Nikaitia sahihi. Nikaiweka kwenye mashine. Pembeni ya mashine kuna kichupa cha wino mweupe wa kufutia. Kila duka la karatasi linacho. Siyo kosa langu kuwa kinakaa pale.

Nikapaka mstari mmoja. Nikapuliza. Nikaandika juu yake: Farasi Elfu.

Nikajipa moyo. Mtoto huogopa maji mpaka atumbukizwe, nikajiambia. Akishaona hakuna njia ya kurudi ataogelea, atashinda, siku moja atanishukuru kwenye hotuba. Niliiona kabisa hiyo hotuba. Nimo katika aya ya pili.

Fomu nimeipeleka kwa miguu yangu. Karani wa shule kaipiga mhuri. Daftari hili sikulifungua kabla. Nimelifungua baada.

Jumapili, 10 Juni

Leo mtoto kacheza kipande chake kwenye karatasi mara kumi na moja. Nimehesabu. Kila mara akifika mwisho anainua mikono, anangoja, anatabasamu peke yake. Nikatoka nje nikaosha baiskeli. Haikuwa chafu.

Jumatatu, 11 Juni

Orodha imebandikwa ubaoni. Farasi Elfu imeandikwa mara mbili: mpwa wangu, na chini yake binti yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa na maneno yangu tayari, kuhusu karani na makosa ya ofisini. Mtoto karudi, kala, kaosha sahani yake, kisha kaniomba nimwongezee karatasi ya vibao, mbili kushoto na moja kulia, maana farasi wanakimbia mpaka nje ya meza. Hakulia. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu kuwa kuna makosa. Akasema alikwenda. Mwalimu wa muziki akaitoa fomu, akaiinamisha kwenye mwanga, akamuuliza huu mwandiko wa nani.

"Ukasemaje?"

Akasema: "Nikasema wangu, baba."

Akatandika karatasi, akaanza kutafuta nota ya kwanza ya Farasi Elfu.

Nimeandika sentensi hii mara tatu nikaikata: mtoto wa miaka kumi na miwili kanisitiri mimi, baba yake. Sasa amebakiwa na siku tano za kujifunza kurasa nane, na akishindwa atarudi kwenye dakika zake ishirini kwa sababu ya mkono wangu. Kopi naweza kutoa nyingine. Mwandiko ule sina pa kuupeleka.

Nimemwambia mama watoto. Nilitegemea atanipigia kelele. Akapunguza moto jikoni, akasema: "Kesho nenda kaseme. Ukitoka pale mlangoni bila kusema, usirudi na mdomo huo nyumbani kwangu."

Jumanne, 12 Juni

Nimesema.

Mwalimu wa muziki ni mama mfupi mwenye penseli nywelani. Nikamweleza yote: kopi ya pili, wino mweupe, kupuliza. Nilisimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mimi ndiye baba wa limau. Nikakubali.

Akasema alijua tangu jana. Mtoto yule hajawahi kuandika herufi kubwa kama za kibao cha duka. Ila kanuni ni kanuni, fomu zimeshakwenda kwa waamuzi kutoka nje, kipande hakibadiliki. Kisha akachomoa penseli, akapekua kijitabu. Akasema kuna kanuni moja ambayo haijatumika tangu yeye aanze kazi: watoto wawili walioandika kipande kimoja wanaruhusiwa kukipiga pamoja kwenye piano moja na kuhesabiwa kama mshindani mmoja, mradi waseme kabla Jumatano haijaisha. Wakifuzu, wote wawili wanapata chumba. Lakini waamue watoto, akasema. Watoto. Alilirudia neno hilo akinielekezea penseli.

Narudi dukani, namkuta shemeji mlangoni, uso umevimba. Eti nimemwibia farasi wake! Eti nimeona mwanawe anapaa nikataka kumning'inia miguuni! Wateja wawili wakaacha kuchagua bahasha ili wasikilize vizuri. Siku nyingine ningemjibu. Leo nikasema: "Kweli, shemeji. Nimeiba. Nilitoa kopi mbili."

Hakutegemea. Akabaki na kidole hewani, hana pa kukipeleka. Akakaa juu ya boksi la karatasi. Mtu anayeuza magodoro, amekaa juu ya boksi! Akaomba maji. Wateja walipoondoka akaniambia kwa sauti ya chini kuwa mwanawe hawezi. Mkono wa kulia peke yake unakwenda vizuri. Wa kushoto ukiingia, vyote vinaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Miezi mitatu sasa. Nikamuuliza nani alichagua Farasi Elfu. Akatazama viatu vyake. Akasema kwenye duka la vitabu alivishika vyote mkononi, akachukua kizito.

Kizito! Nikataka kumcheka. Nikakumbuka kuwa mimi nilihesabu wino.

Nikamweleza kanuni ya kupiga wawili. Akafuta jasho. Akasema tumlete binti kwake kesho, piano ipo. Halafu, kwa mazoea tu, akasema: "Ila anawe..." Akajikata. Nikamwambia usihofu, shemeji. Tutanawa wote.

Jumatano, 13 Juni

Kiapo nimekitapika. Binti kaingia sebuleni kwa shemeji, kaenda moja kwa moja kwenye ile piano, hakugusa. Alisimama kwanza akaitazama, kama mtu aliyeandikiana barua na mwenzake miaka mingi na sasa wameonana. Binamu yake kampisha nafasi kwenye benchi. Kijana mrefu, kimya, masikio makubwa. Kumbe ni mcheshi! Kamwambia wewe shika kwato, mimi nashika mikia.

Wameamua wenyewe. Tuliwaacha wakaongea, sisi wazee tukasimama jikoni tunajifanya tunatafuta chumvi. Mkono wa kushoto wa Farasi Elfu kumbe ni mbio tu, kwata kwata kwata, unarudiarudia. Mtoto aliyejifunzia kwenye karatasi anajua kuhesabu, maana hajawahi kuwa na sauti ya kumsaidia. Saa kumi na moja mwalimu kapigiwa simu. Kaandika majina yote mawili.

Njiani kurudi nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakanitoka yote nikabaki na mawili tu: nisamehe mama. Humwita mama nikiwa nimeshindwa. Akasema sawa, baba. Tulipofika mlangoni akasema: "Lakini ile Mvua niliipenda." Siyo kwa hasira. Kwa taarifa. Ningependelea hasira.

Alhamisi, 14 Juni

Kwata kwata mchana kutwa. Hata mke wa shemeji anakata vitunguu kwa mwendo huo.

Nataka kutoa mchango wa haki, wa mtu aliyetubu. Nimewatolea kopi mpya ya kurasa nane kwenye karatasi yangu bora kabisa, nene, inayong'aa, ile ya vyeti vya harusi. Kwa mashine isiyokohoa. Imetoka safi, ya moto, inapendeza kama mkate. Nimeikabidhi. Hakuna hila ndani yake hata chembe. Andika hilo, daftari: hata chembe!

Jumamosi, 16 Juni

Ukumbi umejaa. Waamuzi watatu mezani, mmoja ana shingo ndefu na kikombe cha chai. Shemeji na mimi tumekaa pamoja, mama watoto katikati yetu kama ukuta wa kuzuia mafuriko.

Washindani kumi na wanne. Wetu wa tisa. Wakapanda wawili, watu wakanong'ona. Wakaanza. Jamani! Farasi walitoka! Kulia mikia, kushoto kwato, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shemeji alinishika mkono kwa kupitia magoti ya dada yake.

Ukurasa wa tano, mpwa akafunua. Zikafunuka mbili. Karatasi mpya ya kung'aa ikitoka mashineni moto hushikana. Miaka kumi na saba niko kwenye kazi hii, nawaambia wateja kila siku wazipepee kwanza. Ukurasa wa tano na wa sita zilikuwa zimekumbatiana kama wapenzi kituoni. Kijana akasimama. Mkono wa kulia hewani, masikio mekundu. Nikaona mwaka mzima wa chumba cha muziki unamwagika sakafuni. Na ni mimi tena! Bila hila, mimi tena!

Binti yangu hakusimama. Kwata kwata kwata. Akarudia mstari uleule, kwa sauti ya chini. Akarudia tena, chini zaidi, kama farasi wanapita kwenye majani. Hakumtazama binamu yake wala karatasi. Anangoja. Kijana akalamba kidole, akazibandua, akapata mahali pake, akapumua, akaingia. Na mtoto akaupandisha mwendo kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mzee mmoja nyuma yetu akasema hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Wa tatu. Mwamuzi mwenye shingo ndefu kasimama akasema kuna mahali wamekosea, waamuzi wamepaona, na kuna mtoto aliyejua kumngoja mwenzake, hilo nalo wamelipa alama zake. Wa tatu! Kila siku baada ya masomo, mwaka mzima! Shemeji akalia waziwazi. Mimi vumbi liliniingia, macho yote mawili.

Watu walipoanza kubeba viti, binti akaniuliza kama tuna haraka. Nikasema hatuna. Akarudi kwenye piano peke yake, bila karatasi yoyote, akapiga Mvua Imekatika.

Sikuwa nimewahi kuisikia. Wiki mbili nimeipima, nimeikuza, nimeifuta kwa wino mweupe, na sijawahi kuisikia. Mwanzoni matone mazito, yanapishana. Halafu yanapungua. Halafu moja, mbali. Mwalimu wa muziki aliacha kukusanya vikombe. Mtu aliyebeba viti vinne akasimama navyo. Mwishoni akainua mikono, akangoja, nasi tukangoja, ukumbi mzima, bila kujua tunangoja nini, na hakuna aliyetaka iishe.

Mama watoto akaninong'oneza: umesikia? Nikasema nimesikia. Nilisahau kuhesabu.

Jumapili, 17 Juni

Nimewaza siku nzima. Sitamchagulia tena mtoto. Ameonyesha kuwa anajua anachokitaka, na sauti yake aliisikia kabla yangu. Nimemwambia mama watoto hivyo. Kaniwekea mkono kwenye paji la uso, eti kuona kama nina homa.

Jumatatu, 18 Juni

Habari njema! Mwalimu wa muziki kawaomba binti na mpwa wapige pamoja kwenye sherehe ya kufunga mwaka. Kaandika barua kwa wazazi, na mstari mmoja kaupigia mstari chini mara mbili: kipande watachagua watoto wenyewe. Nimesoma, nimeitia sahihi, nimeirudisha safi. Hata doa.

Mchana shemeji kanipitia, tukaenda dukani kwake, tukakaa juu ya godoro la maonyesho. Sasa tunaelewana sana, tumekuwa chanda na pete. Tukakubaliana kwa kauli moja kuwa hatutawachagulia. Haitatokea! Tutawaonyesha tu. Shemeji kakumbuka kuwa kwenye lile duka la vitabu aliacha kipande kimoja cha watu wawili, kinahusu vita, kurasa ishirini na mbili, alishindwa kukibeba kwa mkono mmoja. Kesho asubuhi tunakwenda kukichukua. Nitachelewa kufungua duka. Tutakiacha wazi juu ya piano yake, kama kwa bahati mbaya, kwenye ukurasa mweusi kuliko zote.

Nimeliandika wazo. Nimelisoma mara mbili, kwa makini, kama nilivyoagizwa. Na sasa naliona wazi kosa langu la wiki mbili zilizopita lilikuwa wapi: nilikuwa nafanya peke yangu. Safari hii tupo wawili.